Mdogo Wangu Aliniomba Ushuhuda

Habari nitakayowaeleza ni ya nyumba yetu, nami nimeomba ruhusa kwa mwenyewe kabla ya kuiandika. Alinijibu: "Andika, Yaya, lakini usitaje jina langu." Basi jina lake sitalitaja.

Ilikuwa mwaka wa 2023, siku chache baada ya sikukuu ya Watakatifu Petro na Paulo. Kwetu Wamaza simu haisikiki kila mahali. Mtu akitaka kuzungumza na watu wa mbali hupanda penye mwinuko, husimama hapo na kugeuka huku na huku mpaka apate mtandao. Jioni ile nilikuwa nimepanda nikimtafuta Padri mmoja wa Kasongo kwa ajili ya vitabu vya watoto wa komunyo ya kwanza. Kumbe mdogo wangu naye alikuwa akinitafuta toka Marekani. Hakunisalimu hata. Alisema tu: "Yaya, wamenikatalia."

"Wamekukatalia nini?"

"Kibali. Wamenipa siku 20 za kujibu. Nataka uniandikie barua, useme ya kuwa sijagusa pombe tangu mwaka wa 2019. Wewe ni katekista. Neno lako lina uzito."

Nilimwambia, "Ngoja nifikiri." Nikashuka nyumbani, na chakula cha usiku sikukimaliza.

Sasa inafaa mjue sisi ni nani. Tumezaliwa na mama mmoja, mimi na yeye na dada yetu. Vita ya mwaka wa 1998 ilipotufikia, mimi nilikuwa na miaka kumi, yeye saba. Watu walikimbia usiku, kila mmoja akishika mkono wa mtoto aliye karibu. Mkono wake ulishikwa na mama mdogo, wangu ukashikwa na baba. Sisi tulikaa porini miezi mingi, tukarudi Wamaza. Wao walifika ziwa la Tanganyika, wakavuka mpaka Kigoma, wakapelekwa katika kambi ya Nyarugusu, ile iliyofunguliwa mwaka wa 1996 kwa ajili ya watu wa Kongo. Huko alikulia. Mwaka wa 2010 alichukuliwa kwenda Marekani pamoja na wakimbizi wengine, na baada ya miaka mitano akawa raia wa huko. Mimi nilisoma seminari miaka sita, nikaona siitwi upadri, nikatoka, nikafundishwa kazi ya ukatekista na kuoa.

Yeye akajifunza ufundi wa nyaya za umeme. Mwaka wa 2021 alipata kazi katika kampuni inayolitumikia jeshi la Marekani. Mshahara ulikuwa mzuri, nasi tuliuonja huku Wamaza: mabati ya nyumba ya mama, dawa zake, karo ya watoto wa dada yetu, karo ya mtoto wangu wa kwanza aliyekuwa akisoma Kasongo. (Posho ya katekista mnaijua ninyi wenyewe, sina haja ya kuieleza.) Lakini kazi ile ilikuwa na sharti. Mtu hawezi kuifanya miaka yote bila kibali cha siri, ndiyo karatasi ya serikali inayosema kwamba mtu huyu anaweza kuaminiwa kuona yasiyoonwa na wote.

Ili kupewa kibali hicho mtu hujaza kwanza karatasi. Ile aliyojaza yeye inaitwa SF-86, nayo ina kurasa zaidi ya 100. Wanauliza ulikaa wapi, na nani, ulifanya kazi gani, una deni gani, ndugu zako wa nchi za kigeni ni akina nani, umewahi kukamatwa, pombe imewahi kukuletea taabu. Sisi nyumbani tulifikiri watamkatalia kwa sababu yetu, maana ana kaka na dada na shangazi katika Kongo, nasi hatukosi makundi ya bunduki katika misitu yetu. Dada yetu alisali novena nzima kwa ajili hiyo. Novena ilisikilizwa, maana juu ya Kongo hawakuandika kosa lolote. Walichoandika kilikuwa juu ya chupa.

Tangu tarehe 8 Juni 2017 Wamarekani hutumia vipimo 13 wanapomchunguza mtu, navyo vina majina ya herufi, toka A mpaka M. Katika barua ya mdogo wangu herufi zilikuwa mbili tu. G ni pombe. J ni makosa ya jinai, yaani mambo ya polisi na tribinali.

Na mambo yenyewe yalikuwa ya kweli. Mwaka wa 2016 alikamatwa akiendesha gari huku amelewa. Alilipa faini, akapelekwa kusoma mafundisho ya walevi, akaendelea kunywa. Mwezi wa Novemba mwaka wa 2019 alilewa tena, akagonga gari la mtu lililosimama, akaondoka bila kungoja polisi. Walimfuata mpaka nyumbani. Alilala kifungoni siku mbili, akanyang'anywa leseni, akawekwa chini ya uangalizi wa tribinali miaka miwili. Baada ya hapo aliacha. Alimpigia mama simu kumwambia ameacha, na mama akawaambia wanawake wote wa Legio, tena kwa sauti. Karatasi ile ya mwaka wa 2021 aliijaza bila kuficha kitu: aliandika kukamatwa kote kuwili, akaandika pia kwamba hanywi. Siku ile aliyoandika, hanywi lilikuwa neno la kweli.

Mama alifariki mwezi wa Januari mwaka wa 2023.

Alikuja. Ndege ilimleta mpaka Kindu, akapanda pikipiki siku mbili, akafika ameshazikwa. Sikuwa nimemwona tangu usiku ule wa vita, miaka 24 na zaidi. Niliyemwacha mtoto nilimpokea mtu mzima mwenye ndevu, na sauti yake nilikuwa naijua kwa simu tu. Alikwenda moja kwa moja kaburini na viatu vyake vya safari. Usiku wa kwanza na wa pili alikaa kimya kati ya wazee.

Usiku wa tatu wanaume walikuwa wameketi kuzunguka moto. Malafu ilikuwa imekwisha, mtu akaleta lutuku katika kidumu. Ninyi mnajua desturi: kikombe ni kimoja, nacho huzunguka toka mkono hata mkono. Kilinifikia mimi. Mimi sinywi lutuku, watu wanajua, hupokea na kumpa anayefuata. Aliyefuata alikuwa mdogo wangu. Nilijua ya kuwa ameacha. Nilikuwa nimeshukuru Mungu kwa ajili hiyo mwaka wa 2020 mbele ya mama yangu. Hata hivyo nikampokeza kikombe. Sikuwaza, au niliwaza kwamba naye atampa mwenzake kama mimi. Alikiangalia, akakinywa chote.

Alikunywa usiku ule, na usiku wa nne, na wa tano. Usiku wa sita vijana wawili walimbeba toka kaburini mpaka kitandani. Kesho yake alipanda pikipiki akaenda zake, wala hatukulitaja jambo hilo, yeye wala mimi.

Sasa mmeelewa kwa nini sikumaliza chakula.

Mama watoto alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia: "Andika. Nani atatoka Marekani kuja Wamaza kuuliza?" Alisema kweli, hakuna ambaye angekuja. Tena mdogo wangu hakuwa ameomba niseme uwongo mkubwa. Miaka mitatu na zaidi hakunywa, isipokuwa usiku wanne wa kumlilia mama. Nani asiyejua matanga ni nini? Nilianza hata kutunga maneno ambayo yangekuwa kweli nusu: kwamba mimi kama katekista namjua kuwa mtu aliyeacha ulevi. Jumamosi ile nilikuwa na somo la watoto, na somo lilikuwa amri ya nane. Sikuchagua mimi, ndivyo kitabu kilivyofuatana. Nilifundisha vibaya sana.

Usiku nilikumbuka habari ya babu. Babu yetu alikuwa mwalimu wa shule ya misioni wakati wa Wabelgiji. Mwaka wa 1948 serikali ya Kongo ya Wabelgiji ilianza kutoa karte ya sifa ya raia kwa watu weusi waliohesabiwa kuwa wastaarabu, na mwaka wa 1952 ikaongeza daraja jingine la juu zaidi, lile la kuandikishwa. Ili kupata karte mtu ilimpasa ajue kusoma na kuandika, awe na mke mmoja, asiwe amehukumiwa kwa makosa kama wizi na udanganyifu. Tena walimchunguza nyumbani: anakula namna gani, watoto wanalala wapi, tabia yake ikoje. Waliopata walikuwa wachache sana. Siku zile pombe kali ilikuwa imekatazwa kwa mtu mweusi, na lutuku ilipikwa kwa siri porini.

Babu aliomba karte, akangoja, akaambiwa: bado. Bado kwa sababu gani? Hakuambiwa. Baadaye alisikia kwa watu kwamba mtu fulani alipeleka neno kuwa mwalimu hunywa lutuku usiku. Labda alikunywa, labda hakunywa, sisi wajukuu hatujui. Baba yetu alipokuwa akisimulia alisema kila mara: "Babu yenu alihukumiwa na mdomo asiouona." Alikufa na jambo hilo moyoni.

Kwa hiyo nilipoletewa ile karatasi ya Wamarekani kwa simu, naye Padri mmoja anayejua Kiingereza akanisomea, nilishangaa. Kila sababu ilikuwa na namba yake, na mwaka wake, na mahali pake. Mtu alipaswa kujibu kila namba kwa kiapo: nakubali, au nakana. Angeweza kutaka hakimu amsikilize, aje na wakili, ailipe mwenyewe gharama ya wakili huyo, alete mashahidi na barua. Padri alinieleza kwamba haikuwa hivyo tangu mwanzo hata huko. Katika miaka ya 1950 palikuwa na mhandisi wa ndege, jina lake William Greene, aliyenyang'anywa kibali kwa maneno ya watu asioonyeshwa. Alipoteza kazi yake, akashtaki, na mwaka wa 1959 Mahakama Kuu ya Marekani ikasema hakuna sheria iliyowapa wakubwa ruhusa ya kumfanyia mtu hivyo bila kumwacha awahoji waliomshtaki. Mwaka uliofuata, mwezi wa Februari 1960, Rais Eisenhower aliandika amri ya kuwapa wafanyakazi wa kampuni kama hizo nafasi ya kusikilizwa. Nilimfikiria babu. Yeye hakuwa na Greene wake.

Lakini wakili wa mdogo wangu alimtajia pia habari ya mtu mwingine, ili asijidanganye. Mtu huyu aliitwa Thomas Egan, alikuwa kibarua katika kituo cha manowari huko Bremerton, jimbo la Washington. Alianza kazi mwaka wa 1981, na mwezi wa Februari 1983 wakamwandikia kwamba wanakusudia kumkatalia kibali. Sababu zao: alikuwa amehukumiwa kwa kupiga watu na kwa kuwa na bunduki asiyoruhusiwa, kulikuwa na hukumu mbili za zamani ambazo hakuziandika katika karatasi yake, na mwenyewe alikiri kwamba zamani pombe ilimsumbua, hata siku 28 za mwisho za kifungo kimoja alizimalizia mahali pa kutibiwa walevi. Egan alijibu kwamba makosa yake ameshayalipia, na kwamba miaka mitatu sasa pombe haimletei taabu. Msimamizi wake wa kazi alimsifu. Kesi ilipanda mpaka Mahakama Kuu, nayo mwaka wa 1988, mahakimu watano dhidi ya watatu, ikamkatalia. Walisema hakuna mtu mwenye haki ya kupewa kibali. Ni neema ya serikali, na palipo na shaka, shaka inaipendelea serikali.

Miaka mitatu bila taabu ya pombe! Niliposikia hivyo niliona kama habari ya Egan imeandikwa kwa ajili ya nyumba yetu.

Nilimwuliza Padri: basi mtu akate rufaa kwa kusema nini, ikiwa makosa ni ya kweli na shaka si yake? Akanisomea vipimo vyenyewe, G na J. Ndipo nikaona jambo ambalo sikulitazamia. Hawamwulizi mtu kama ni mtakatifu. Wanatazama muda uliopita tangu kosa, kama mtu amekiri ulevi wake, kama amekubali kusaidiwa, kama maisha yake yanaonyesha amebadilika, na nani ameyaona. Na kipo kipimo kingine, E, kinachohusu kusema kweli. Ulevi unaweza kupona kwa miaka. Lakini mtu akishikwa na uwongo mbele ya hakimu, hakuna atakayeamini habari ya kupona kwake. Nilimwambia Padri, "Hii inafanana na kitubio." Padri akacheka, akasema inafanana nusu tu, maana huko mtu anaweza kukiri yote na asiondolewe.

Siku ya tano nilipanda mwinuko, nikampigia.

"Mdogo wangu, sitaweza kuandika hivyo."

Alinyamaza. Halafu alisema, polepole: "Yaya, wewe ndiwe uliyenipa kikombe."

"Ndiyo. Na hilo nitaliandika."

"Ukiandika hilo unaniua."

"Katika jibu lako umeandika nini juu ya pombe?"

"Sijatia sahihi bado."

"Usitie sahihi kwanza."

Akakata simu.

Niliandika usiku ule kwa taa, kurasa tatu. Niliandika kwamba mimi ni kaka yake, na kwamba kwa hiyo wasiniamini upesi. Niliandika mama alivyotuambia mwaka wa 2020, na pesa za karo zilivyofika kila mwezi tangu hapo, jambo ambalo mlevi haliwezi. Nikaandika habari ya usiku wa tatu na kikombe, ya usiku wa nne na wa tano, na ya vijana waliombeba. Nikaandika kwamba mimi nilimpokeza kikombe nikijua. Asubuhi Padri aliigeuza kwa Kiingereza, akaipiga picha, akaituma. Barua yenyewe ya mkono wangu iko katika sanduku langu pamoja na madaftari ya wakatekumeni.

Siku tisa hakujibu. Dada yetu alikuja toka Kabambare kunigombeza, akaniuliza kama seminari walinifundisha kumuuza ndugu. Sikuwa na jibu zuri. Nilimwambia akae ale, akakataa kula kwangu, na ninyi mnajua maana ya jambo hilo kwa mtu wa kwetu.

Siku ya kumi ulifika ujumbe mfupi: "Nimemwonyesha wakili. Nimebadilisha jibu." Alikuwa amekubali namba zote, na chini yake akaongeza, bila kulazimishwa, kwamba alirudia pombe mwezi wa Januari 2023 kwa mazishi ya mama yake. Barua yangu aliitia pamoja na nyingine.

Walimsikiliza mwezi wa Oktoba, naye hakimu alikuwa mbali, wakionana kwa mashine. Mdogo wangu alinisimulia baadaye. Wakili wa serikali alimwuliza mengi, kwa adabu, juu ya gari lile lililogongwa. Halafu hakimu alishika barua yangu, akauliza: "Huyu ni nani?" Akajibu: "Ni kaka yangu mkubwa, mwalimu wa dini." Hakimu akamwuliza: "Kama kaka yako asingeandika hivi, wewe ungetuambia?"

Mdogo wangu alisema: "Sijui."

Mimi niliposikia jibu hilo nilikaa chini pale pale kwenye mwinuko. Sidhani kama mimi katika nafasi yake ningaliweza kulisema.

Hukumu ilitoka mwezi wa Januari 2024. Hakimu aliandika kwamba mtu huyu amesema kweli, na kwamba anasifiwa kazini. Lakini alihesabu miezi: toka matanga ya mama mpaka siku ya kusikilizwa ilikuwa tisa tu, baada ya kukamatwa mara mbili na kuanguka tena, na kati ya miezi hiyo hakuwa amekwenda kutafuta msaada wa mtu yeyote. Shaka ilibaki. Akamkatalia.

Alikata rufaa. Siku za kufanya hivyo ni 15 tu tangu hukumu. Rufaa huko husikilizwa na baraza la mahakimu watatu, nalo halipokei ushuhuda mpya hata mmoja, hutazama tu kama hakimu wa kwanza alikosea katika yaliyokuwa mbele yake. Tangu Novemba mdogo wangu alikuwa ameanza kwenda kila juma kwenye mkutano wa watu wanaosaidiana kuacha pombe, na alikuwa na karatasi ya kuonyesha. Haikupokelewa. Ilikuwa imechelewa mlango. Namwambia kila msomaji ambaye siku moja atakuwa na neno mbele ya tribinali, ya hapa au ya huko: mengine husikilizwa mara moja tu, na usipoyaleta siku hiyo, rufaa haitakutafutia. Baraza lilithibitisha hukumu. Kampuni ikamwondoa.

Mwezi wa Septemba mtoto wangu hakurudi shule ya Kasongo. Anasoma hapa Wamaza, na walimu wake wanajitahidi. Niliuza mbuzi wawili kwa ajili ya watoto wa dada. Mama watoto hajanilaumu, isipokuwa mara moja mvua ilipovuja, akatazama juu, akasema, "Kurasa tatu." Nami nikanyamaza.

Watu wachache wanaojua habari hii wameniuliza kama sijuti. Nawajibu kwamba barua siijutii, ingawa sina furaha nayo. Ninachojuta ni kikombe. Nilipokwenda kuungama kabla ya Pasaka ile, nilitaja kikombe. Miaka mingi niliwafundisha watu kwamba ulevi ni dhambi ya anayekunywa, wala sikuwahi kufundisha juu ya anayepokeza. Sasa kwenye matanga, kidumu kikianza kuzunguka, mimi hupokea kikombe, hutazama kwanza ni nani aliye upande wangu wa pili, na wapo watu wawili au watatu katika Wamaza ambao hukipitisha nyuma ya migongo yao. Wazee wengine hukasirika. Wanasema navunja desturi.

Yeye alipata kazi nyingine ya kupakia magari usiku, mshahara nusu ya ule. Kwa sheria zao, mtu aliyekataliwa hana budi kungoja mwaka mzima tangu hukumu ya kwanza, kisha anaweza kuomba tena, kama kampuni itamtaka. Mwaka wa 2025 kampuni moja ilimtaka. Alinipigia simu.

"Yaya, nataka barua."

Nilimwambia: "Safari hii mimi sifai. Miaka miwili na zaidi sijakuona. Niko Wamaza. Niandike nini? Tafuta anayekuona Jumamosi usiku."

Akacheka. Kicheko chake sikuwa nimekisikia tangu kabla ya mama kufa. Akaniambia kuna mama mmoja Mrundi, jirani yake, anayemgongea mlango kila Jumamosi jioni waende pamoja kuimba kwaya, na asipofungua upesi hugonga kwa mwamvuli. Nilimwambia amwombe huyo.